Kaseti za zamani: namna ya kuingiza sauti za wazazi mu ordinatere

Karibu kila nyumba ya zamani mu makambi, kuanzia Kipushi mpaka Kolwezi, iko na karto moja yenye hakuna mutu anaigusa. Iko chini ya kitanda, ao juu ya kabati, ao mu depo pamoja na kofia ya kazi ya baba na bote zenye zilikwisha kupasuka. Mukiifungula mutakuta makaratasi ya mushahara, picha za ndoa, na kaseti. Moja imeandikwa na biki «Ndoa ya yaya». Ingine «Baba, Noeli». Ya tatu haina jina, paka vumbi nyekundu mu vitobo vyake viwili.

Swali lenye linarudia mu manyumba ni moja: tufanye nini na zile kaseti, na radio yenye ilikuwa inaziimbisha ilikufa zamani? Leo tunataka kulijibu pole pole, kwa sababu ile kazi inaweza kufanywa hapa kwetu, mu nyumba, na ordinatere ya mutoto wa masomo.

Tuseme wazi: hatuzungumuzie kaseti za muziki zenye ziliuzwa mu soko. Muziki ya Franco ao ya Tabu Ley, mutu ataipata fasi ingine, tena yenye kusikilika vizuri kuliko ile yenu. Tunazungumuzia zile zenye watu wa nyumba walikamata wao wenyewe. Ya ile kuko moja tu duniani kote. Ikikufa, imekufa.

Wazee wanakumbuka. Simu ilikuwa kitu cha ofisi na cha wakubwa. Barua, ilikuwa lazima kujua kuandika, ao kulomba mutoto wa masomo aandike, na yeye alikuwa anasikia siri zote za nyumba. Sasa kaseti ikakuja. Mama mwenye hakuingiaka mu masomo hata siku moja alikaa mbele ya radio, akafinya vifungo viwili mara moja, kile cha kuimbisha na kile chekundu, na akaanza kusema. Alisalimia watu kwa kufuata ukubwa wao: kwanza nkambo, kisha baba mukubwa, kisha muyomba, na mwisho watoto, kila mutu kwa jina lake. Alitoa habari za vilio na za vizazi. Alisema franga zimetumwa mu mukono wa nani na zilikuwa ngapi, ili mwenye kuzibeba asipunguze. Kisha watoto waliimba kidogo, jogoo akawika inje, na upande wa kwanza ukaisha na ile sauti ya «tak».

Kaseti ilifungwa mu kitambaa na kutiwa mu mukono wa musafiri wa treni. Kule mu mugini watu walikaa pamoja kuisikiliza, na mara mingi jibu ilikamatwa juu ya kaseti ileile, kwa sababu kaseti ilikuwa na bei. Ni kusema barua moja ilifuta ingine. Ndiyo sababu kaseti yenye iko mu karto yenu leo inabeba mara mingi barua ya mwisho tu, na wakati mwingine, kwenye mwisho wa upande, kipande cha barua ya mbele yake: maneno mawili tatu yenye hayakufutwa, ya mutu mwenye hamutegemei tena kumusikia.

Kisha watu walisambaa. Mu 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai ziliondoka Likasi na Kolwezi kwa treni, na mizigo yenye mutu aliweza kubeba tu. Kuanzia 2003, watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka mu kazi kupitia ule mupango wa «départs volontaires», wengine wakarudi kwao, wengine wakaenda ku mashamba, wengine wakabaki hapahapa bila posho. Kila mara kaseti ziligawanyika. Upande wa barua uko Lubumbashi, jibu yake iko Mbuji-Mayi. Sauti ya baba iko kwa mutoto wa kwanza, na wadogo zake hawajaisikia miaka makumi mawili. Mu familia zingine ile jambo imekuwa maneno ya kweli kabisa, watu hawasalimiane juu ya karto ya kaseti. Na tunaona kama ordinatere inaweza kuyamaliza, kwa sababu kaseti haigawanyike, lakini kopi yake, kila mutu anaweza kupata yake.

*

Kuko jambo moja lenye linatuhusu sisi watu wa migodi kuliko wengine. Kaseti ni nini? Ni mukanda mwembamba wa plastiki, upana wake haufike milimita 4, wenye kupakwa unga wa chuma chenye kutu pamoja na gundi. Kila chembe ya ule unga ni kasumaku. Kichwa cha radio kinazipanga kufuata sauti, na zinabaki vile. Philips ilionyesha kaseti ya kwanza mu 1963, na watu wenye waliitengeneza walikuwa wanafanya kazi Hasselt, kule Ubelgiji. Mu 1975 kampuni TDK ya Japani ikaleta kaseti yenye jina SA, na mu ile, chembe za chuma zilivalishwa kobalti, juu kobalti inasaidia sumaku kukamata kwa nguvu.

Wakati ule inchi yenye ilikuwa inatosha kobalti mingi kuliko zote duniani ilikuwa Zaire, na ilisafishwa hapa, Luilu na Shituru. Sumaku za mabafle mazuri nazo zilikuwa na kobalti. Kisha vita ya Kolwezi ya 1978 bei ilipanda sana mpaka watengenezaji wengi wakahamia ku sumaku ya ferite. Kwa hiyo mutu asituambie kama kaseti ni mambo ya wengine. Waya ya shaba yenye itapitisha sauti kutoka radio mpaka ordinatere, na kobalti ya batri ya ordinatere yenyewe, ni vitu vyenye mikono ya wazazi wetu ilivijua mbele yetu.

Sasa ile gundi inazeeka. Joto inailegeza, maji ya mvula yenye kuingia mu karto inaleta ukungu mweupe, mukanda unajivuta, katambaa kadogo kenye kusukuma mukanda ku kichwa kanabanduka. Na hata kaseti ikibaki nzima, radio za kuiimbisha zinapunguka kila mwaka. Njo hatari kubwa: siku moja kaseti itakuwa nzima, na hakutakuwa mashini.

Mambo ya zamani yenye tunasikia leo, tunayasikia juu kuko mutu aliyachunga. Mu 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, yenye ni Likasi ya leo, na mashini yake ya kukamata sauti, akakuta kijana moja wa Bunkeya mwenye kupiga gitari, Jean Bosco Mwenda. Bosco alifariki mu 1990 mu ajali ya barabara kule Zambia, lakini vile vidole vya mwaka 1952 vinasikilika mpaka leo, juu mikanda ya Tracey ilichungwa Afrika ya Kusini mu maktaba ya muziki yenye yeye alianzisha mu 1954. Vilevile mwalimu Johannes Fabian, mwenye alifundisha ku université ya Lubumbashi mu miaka ya 1970, alikamata sauti za watu wa kazi na za wachezaji wa tiatri wa Mufwankolo, na maneno yao, mu Kiswahili chetu chenyewe, haikupotea. Lakini hakuna Tracey mwenye alipita mu nyumba yenu siku ya ndoa ya yaya. Ile, ni ninyi.

*

Tuingie ku kazi.

Mbele ya yote, radio ya kaseti. Kama yenu ilikufa, ulizeni mu mutaa: mutu wa kanisa, mwalimu muzee, mutengenezaji wa radio pa soko. Isikuwe ya bei. Ikuwe tu yenye kuzungusha mukanda bila kupandisha na kushusha sauti, na yenye kuwa na katundu ka kaske. Msijaribu radio na kaseti ya mama. Jaribuni na kaseti yoyote ya muziki yenye hamutalilia, mara mbili, tatu. Kama radio inakula ile, imewapa habari.

Kama sauti iko ya mbali, sawa mutu mwenye kusemea mu blanketi, mara mingi kichwa cha radio kiko chafu. Fungula mulango wa kaseti, kamata pamba ku kijiti, tia alkoli safi ya famasi, pangusa kile kichwa chenye kung'aa mpaka pamba isitoke tena na rangi ya kahawa. Kagurudumu ka mupira kenye kuvuta mukanda, pangusa na kitambaa chenye maji kidogo, kwa sababu alkoli inakausha mupira. Acha ikauke. Ile dakika 10 inaleta faida kuliko mambo yote yenye ordinatere itafanya nyuma. Kama mukanda unazunguka pole pole hata na mapile mapya, kamukaba ka mupira ka ndani kamelegea, na pale ni kazi ya mutengenezaji.

Kisha kaseti yenyewe. Ku mugongo wake kuko meno mawili madogo ya plastiki. Vunjeni yote mawili. Tangu pale, radio haiwezi tena kufuta kitu hata mutoto afinye kifungo chekundu. Wengi hawajue ile, na sauti za wazee zilifutwa vile, na mukono wa mutoto mwenye alitaka kujikamata anaimba.

Angalieni mukanda mu dirisha ya kaseti. Kama kuko ukungu mweupe, musiimbishe: utaingia mu radio na kuchafua zote zenye zitafuata. Wekeni ile kaseti pembeni, mu fasi kavu yenye hewa, na muionyeshe kwanza mutu mwenye kujua. Na tunalomba, hakuna mutu aweke kaseti karibu na mbabula ili ikauke! Plastiki itajikunja na itakuwa kilio ya pili. Kama iko safi, ingizeni biki mu kitobo na muzungushe kidogo kusikia kama inatembea, kisha mu radio muipeleke mbio mpaka mwisho na muirudishe. Mukanda wenye ulilala miaka 20 bila kutembea unajishika, na ile safari moja inauregeza.

Tulifanya ile kazi hapa ku meza yetu na kaseti kumi na ine za familia moja. Tatu zilikuwa zimepoteza kale katambaa. Pale dawa ni kubadilisha nyumba: mukamate kaseti ingine isiyo na maana, ya aina yenye kufungwa na viskuru vidogo vitano, muifungule na turnevisi kadogo, mutoshe mukanda wake, mutie ule wa baba na magurudumu yake mawili, kufuata njia ileile. Mufanyie juu ya kitambaa cheupe, dirisha ikiwa imefungwa, mu kipwa zaidi, juu vumbi ya barabara zetu inaingia fasi yote. Kama mukanda ulikatika, muunganishe ncha mbili zigusane bila kupandana, na mutie kaskochi ku mugongo wa mukanda, ule upande wenye haugusi kichwa, na mukate vizuri kandokando. Skochi ya kawaida gundi yake inatoka nyuma ya wakati, kwa hiyo muikamatie sauti siku ileile na musiiache kesho.

Sasa waya. Mu maduka ya vitu vya simu kuko waya yenye jaki mbili, moja kila upande. Upande moja ku kaske ya radio, upande mwingine ku ordinatere. Ordinatere kubwa ya meza mara mingi iko na vitundu vya rangi nyuma: cha bulu njo cha kuingizia sauti kama hii, cha roze ni cha mikro, na kinapandisha sauti kupita kiasi. Ordinatere ya kubeba, zenye kutoka miaka hii, iko na katundu kamoja tu, na mara mingi hakasikie radio. Pale mutanunua kakarte ka sauti ka USB, kadogo sawa flashi, kenye kitundu cha mikro. Kiko cha roze, lakini tutashusha volime na itakubali.

Wengi watalomba: mbona tusiweke telefone tu mbele ya bafle? Inawezekana. Kama kesho muko na safari na leo njo siku moja tu yenye radio iko, mufanye vile, ni heri kuliko hapana. Lakini telefone itakamata na chumba chote, na mbuzi ya jirani, na moto wa pikipiki. Waya haisikie mbuzi.

Umeme. Kila mutu anajua vile courant inakuya na kwenda kwetu. Hapa kuna bahati moja: radio ya kaseti inakubali mapile, na ordinatere ya kubeba iko na batri. Tumikisheni zote mbili bila courant, hata siku yenye courant iko. Hamutaogopa kukatiwa katikati ya maneno ya nkambo, na tena ile sauti ya «mmmm» yenye kuingia kutoka ku prize itapotea. Mapile yakuwe mapya. Mapile yenye kuchoka yanapunguza mbio, na baba mwenye alikuwa na sauti nyepesi atasikilika sawa dubwana. Telefone zote ziende mu chumba kingine, juu zinatia ile «trrr, trrr, trrr» mu waya, na ile haitoke tena.

Programu yenye tunatumikisha ni Audacity. Iko ya bure, ilitoka mara ya kwanza mu 2000, haiombe intaneti kisha kuingizwa, na kijana yeyote wa mutaa anaweza kuileta mu flashi. Mu mipango ya ordinatere, zimisheni ile kitu yenye kujifanya kusafisha ao kuongeza nguvu ya mikro. Ilitengenezwa kwa mazungumuzo ya telefone na itakata maneno ya wazee kwa kuwaza kama ni kelele. Chagueni mono, kwa sababu sauti ya mutu moja mbele ya radio haikuwa na kushoto na kuume. Hesabu ya kawaida ya disiki inatosha: 44 100 kwa sekunde, biti 16.

Kisha volime, na hapa musiharakishe. Imbisheni fasi yenye sauti kubwa kuliko zote, watoto wenye kuimba ao mama mwenye kupiga kigelegele, na muangalie alama yenye kupanda ku ekrani. Ifike karibu na -6, isigonge mwisho. Ikigonga, vilele vya sauti vinakatwa sawa majani, na hakuna programu yenye kuvirudisha. Sauti ndogo, mutaiongeza nyuma. Sauti yenye kukatika, basi.

Mukiisha kupanga, finyeni cha kukamata mu ordinatere kwanza, kisha cha kuimbisha mu radio, na muikale. Kaseti ya dakika 90 inalomba dakika 90, hakuna njia ya mukato. Kaseti makumi mawili za dakika 60 ni saa 20 za kukaa. Ni kazi ya wiki, si ya kimoja mangaribi. Mutu akae na kaske ku masikio mpaka mwisho wa kila upande, hata kama anawaza kama maneno imeisha. Kisha kimya ya dakika 10 ndiko tulisikia kile kipande cha barua ya mbele.

Mu kaseti zingine, zaidi zile ndefu za dakika 120 zenye mukanda mwembamba sana, mutasikia kitu cha kushangaza: neno linasikilika pole kabisa mbele ya kusemwa, sawa kivuli. Haiko pepo. Mukanda umejikunja miaka mingi, na sumaku ya fungu moja imegusa fungu lenye kulala juu yake.

Kisha kukamata, mutapeleka sauti mu fishie ya WAV. Tunasema hivi kwa nguvu, juu Audacity inachunga kazi yake mu namna yake yenyewe, na wengi wanafikiri wamemaliza, kumbe ile kitu haiimbe mu telefone wala mu radio ya mutokari. Ni lazima kuilomba itoshe WAV. Saa moja ya mono inakula karibu mega 318, kwa hiyo flashi ya giga 8 inabeba karibu saa 25. Ile WAV haiguswe tena. Kutoka ku ile, mutafanya MP3 ya kutuma kwa ndugu. Saa moja ku hesabu ya 128 ni karibu mega 58. Ku WhatsApp mutume sawa dokima, isiwe sawa ujumbe wa sauti.

Kuhusu kusafisha, tuko na mawazo yetu. Audacity iko na kifaa cha kupunguza kelele: unaionyesha sekunde mbili tatu za kelele tupu, na inajaribu kuitosha mu sauti yote. Kidogo, ni muzuri. Mingi, nkambo anaanza kusema sawa mutu mwenye kuwa ndani ya pipa. Na tena, kelele ni nini? Mu kaseti moja, nyuma ya sauti ya mama, king'ora cha kampani kililia cha kubadilisha zamu, na mama akanyamaza kidogo kukingojea kiishe, sawa vile watu wote wa kambi walikuwa wanafanya bila kuwaza. Ordinatere ingekifuta. Sisi tulikiacha. Watoto wenye walizaliwa kisha 2003 hawajakisikia hata siku moja.

*

Mashini ni nusu ya kazi. Ingine ni watu.

Sauti ya mutu mwenye alikufa haifungulwe pa kati ya nyumba sawa redio ya habari. Kuko mama mwenye hakusikia bwana yake tangu miaka 15. Musimutupie ile sauti wakati anapika bukari. Mukubwa wa familia aitwe kwanza, mutu mwenye alifanya kazi asikilize pole yake, aseme muko nini, na wakae wakati wenyewe wanapenda. Wengine wanalomba kusali kwanza, wengine wanataka kuwa peke yao. Kuheshimu ile hakulipishe kitu.

Tena kaseti nyingi zilikuwa barua, na barua iko na mwenyewe. Mutakuta baba mwenye kusema juu ya deni, ao juu ya mutoto mwenye watu wa nyumba hawakujua. Mutakuta maneno juu ya nyumba ya kambi, nani ataikaa. Tunashauri hivi: kopi nzima ibaki kwa mukubwa mwenye familia inamwamini, na ile ya kutuma ku kikundi cha familia ikuwe yenye salamu, nyimbo, na shauri zenye zilisemwa kwa wote. Lakini kukata maneno mu kopi nzima, na kuchoma kaseti, hapana. Mutu mwenye kufanya ile amejifanya muamuzi juu ya wenzake, na siku itafika wataulizana.

Majina, muandike siku ileile. Fishie yenye kuitwa «Piste 1» ni karto ingine tu. Andikeni mwaka kwanza, kisha mutu, kisha fasi: 1986, mama ku nkambo, Kolwezi. Kama mwaka haujulikane, kaeni na muzee na mumusikilizishe, juu yeye anajua ule mutoto mwenye kulia nyuma ni nani, na yule anajulikana alizaliwa mwaka gani. Wakati anasema, fungula telefone na mumukamate yeye pia. Ile sauti mupya inatiwa pamoja na ya zamani mu dosie moja. Mara mingi inapita ya zamani kwa utajiri.

Kopi zikuwe tatu ao mbili, na zisilale mu nyumba moja. Flashi peke yake haitoshe; inapotea mu mufuko wa suruali, inakula virusi mu siberikafe. Moja mu ordinatere, moja mu flashi kwa dada wa Likasi, moja kwa mutoto mwenye iko mu masomo mbali.

Wale wenye hawana ordinatere wanaweza kupeleka kaseti ku studio ya mutaa. Ulizeni mambo mbele ya kuiacha: watawapa WAV ao MP3 tu? Wataikamata na waya ao na mikro? Meno ya kaseti yamevunjwa? Kopi yenye itabaki mu mashini yao, nani ataisikiliza? Mulipe kipande, na kipande kingine siku ya kusikiliza, ninyi wenyewe, mbele ya kutoka pa mulango. Na murudi na kaseti zenu zote, mukihesabu moja moja. Mukirudi nyumbani, muzungushe kila moja mpaka mwisho wa upande, muisimamishe mu kikopo chake sawa kitabu, mbali na bafle, mbali na dirisha yenye jua, na karto iwekwe juu ya mbao, maji ya mvula isiifikie.